Uwanjani, darasani au kwenye ushirika: ukitaka kutubu kweli hapa Malindi, uanzie wapi?

Shule zikifungwa, Agosti au Desemba, Malindi haiishi spika. Gari linapita Barani, linashuka Kisumu Ndogo, linazunguka hadi Maweni likitangaza mkutano wa injili. Jumapili hiyo hiyo parokiani wanasomwa majina ya wakatekumeni, yaani watu wazima wanaojiandaa kubatizwa, Waanglikana wanaandikisha watu wa kipaimara, na huko Muyeye ndugu wachache wametandika mkeka barazani kwa mtu, wanashuhudiana. Wote wanahubiri toba na wokovu kwa jina la Yesu. Wanachokuagiza ufanye ukishafika nyumbani ndicho kinachotofautiana, na hapo ndipo vijana wengi wanapokwama: niende kwa nani?

Nitazilinganisha njia hizo tatu, yaani mkutano wa uwanjani, darasa la kanisa na ushirika wa ndugu, pamoja na ya nne ambayo sikushauri. Mimi ni Mkristo wa hapa hapa, nimekalia viti vya plastiki vya uwanjani na mabenchi ya darasa la ubatizo pia, kwa hiyo usitarajie nisiwe na upande.

Ili tusipotelee kwenye maneno makubwa, kila njia tuipime kwa kisa kimoja. Tuseme kuna kijana dereva wa tuktuk, mweka hazina wa chama cha mtaani. Kaunta buku ya chama inasema shilingi 40,000 zipo. Kwenye simu yake hazipo. Zimeliwa kidogo kidogo, mia tano leo, elfu mbili kesho, na kila mwisho wa mwezi anapiga mstari kwa rula, anaandika jumla ile ile kwa kalamu ya buluu, anafunga daftari. Usiku mmoja neno la Mungu linamchoma. Anataka kuokoka. Huko atakakokwenda, ataambiwa nini kuhusu zile 40,000?

Nimechagua pesa kwa sababu zinahesabika. Chuki na uzinzi vinaweza kufunikwa kwa machozi, lakini elfu arobaini ama zimerudi ama hazijarudi. Tena katika chama cha Malindi lazima wamo Waislamu, na mama wa Kiislamu anafundishwa tangu utotoni kwamba haki ya mja hailipwi kwa kuomba msamaha kwa Mwenyezi Mungu peke yake, lazima imrudie mwenyewe. Akisikia kijana ameokoka, swali lake la kwanza litakuwa: na pesa zetu je? Ni swali la haki, na mhubiri asiyeweza kulijibu asishangae mtaa ukimpa mgongo.

Kuna jambo moja la kuweka sawa kwanza, maana watu huteleza hapa. Kurudisha pesa si bei ya wokovu. Paulo anawaambia Waefeso kwamba wameokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo (2:8-9). Yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu hakurudisha hata senti, mikono yake ilikuwa imefungwa msalabani, na bado aliahidiwa peponi siku ile ile. Ukimsoma Zakayo vizuri katika Luka 19, utaona mpangilio: Yesu anajialika nyumbani kwake kwanza, wakati mtoza ushuru huyo hajatoa chochote. Ndipo Zakayo anasimama na kusema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Mgeni ndiye aliyefungua mkoba. Hakuna aliyemtoza kiingilio. Kwa hiyo ninapouliza habari za 40,000 naulizia matunda, yale Yohana Mbatizaji aliyoyadai mtoni Yordani. Makutano walipomuuliza wafanye nini, hakuwaambia wafumbe macho. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, mtoza ushuru asizidishe kiwango, askari asimnyang'anye mtu wala asimshtaki kwa uongo (Luka 3:10-14). Kila mmoja aliambiwa la kufanya pale pale palipo na kazi yake.

Sasa uwanjani.

Sifa yake kubwa ni kwamba unawafikia wasiokanyaga kanisani. Mgema anayerudi kutoka minazini na kibuyu chake, kijana wa ufuoni anayeuza vinyago kwa Waitaliano, dada wa baa anayekwenda kuanza zamu: wote wanasimama pembeni ya uwanja gizani, mbali na taa, na wanasikia. Sijui njia nyingine inayowafikia hawa. Wala usidharau kwamba sala inayotolewa pale ni fupi. Mtoza ushuru wa Luka 18 alisali sentensi moja tu akijipiga kifua, akarudi nyumbani amehesabiwa haki. Siku ya Pentekoste walibatizwa watu wapata elfu tatu baada ya mahubiri ya Petro, na hakuna aliyewaambia wasubiri.

Ila soma tena Matendo 2. Watu walichomwa mioyo, wakauliza wenyewe, "Tutendeje?" Uwanjani mara nyingi jibu linatangulia swali. Kinanda kinalainisha sauti, mhubiri anasema kila mtu ainamishe kichwa, halafu: rudia maneno haya baada yangu. Namna hii ya kuita watu mbele ina historia, na historia yenyewe si ya kale sana. Mhubiri Mmarekani Charles Finney aliisambaza miaka ya 1830 kwa kuwaweka kiti cha mbele wale waliosumbuka rohoni, na wahubiri wa mikutano mikubwa waliomfuata wakaikuza. Billy Graham alikuja nayo Kenya mwaka 1960. Si dhambi kwa kuwa ni mpya. Lakini anayekuambia kwamba ukiyatamka maneno haya umemaliza, anakupa kitu ambacho mitume hawakukitoa.

Kijana wetu wa tuktuk atapita mbele, atalia, na mhudumu atamwandika jina na namba ya simu kwenye kikaratasi. Hakuna atakayemuuliza habari za daftari, kwa sababu kuna watu mia wanaosubiri na jenereta lina mafuta ya saa moja. Kama simu ile itapigwa Jumanne na mtu wa kanisa la karibu, mkutano umefanya kazi yake. Isipopigwa, Agosti ijayo utamwona kijana yule yule amenyoosha mkono tena, kwa sababu kile kinachomuuma kipo palepale kwenye rafu, kimeandikwa kwa kalamu ya buluu.

Darasani mambo yanakwenda polepole. Pwani hii tunaujua upole huo: Krapf na Rebmann walikaa Rabai kuanzia 1846, na kwa miaka mingi waongofu wao walihesabika kwa vidole. Kwa Wakatoliki mtu mzima hupita ukatekumeni kabla ya ubatizo, na aliyekwisha batizwa akianguka ana kitubio. Hapo kuna utaratibu ambao sisi Waprotestanti tunaupuuza bila kuuchunguza: kujuta, kuungama kwa padre, na malipizi. Katekisimu yao inasema wazi kwamba kosa lililomdhuru jirani linadai kurekebishwa kadiri inavyowezekana, na inatoa mfano wa kurudisha vitu vilivyoibwa na kuponya jina la mtu aliyesingiziwa. Padre naye amefungwa na siri ya maungamo, hawezi kuitoa hata mbele ya mahakama. Kwa kijana mwenye hofu ya kukamatwa, hicho ni kitu kikubwa: anaweza kusema lote, mpaka senti, bila mtaa kujua kabla hajajipanga.

Udhaifu wa darasa ni kwamba linaweza kugeuka mtihani. Mtu anakariri Amri Kumi, Imani ya Mitume na Sala ya Bwana, anapata cheti kwa sababu anataka kufunga ndoa mwezi wa Aprili, na moyo umebaki mangweni. Nimewaona wa Kianglikana na wa Kikatoliki, sichagui. Martin Luther alipotoa hoja zake 95 mwaka 1517, ya kwanza kabisa ilikuwa kwamba Kristo aliposema tubuni, alitaka maisha yote ya waumini yawe toba. Darasa lina tarehe ya kumaliza, na ndiyo hatari yake. Pia kijana wetu anaweza kuhudhuria miezi sita akiulizwa maswali ya kitabuni tu, asiulizwe hata mara moja kazi gani anafanya na pesa za nani anashika.

Njia ya tatu haina tangazo wala bango. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianza Rwanda, katika misheni ya Gahini, ukapata nguvu miaka ya 1930, ukafika Kenya mwaka 1937 kupitia mkutano wa Kabete. Uliingia ndani ya makanisa yaliyokuwepo, Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti, bila kuanzisha dhehebu. Watu walianza kuamka kanisani na kutaja dhambi zao kwa jina, halafu wakabeba walichokiiba na kukirudisha kwa mwenyewe. Walikuja watu madukani na maofisini kulipa vitu ambavyo wenye mali hawakujua vimepotea. Wakati wa Mau Mau wengi wao walikataa kula kiapo na pia wakakataa kushika silaha za serikali, na wapo waliouawa kwa msimamo huo.

Ukiingia leo kwenye ushirika wa aina hii, mazungumzo ni mafupi na hayana kinanda.

"Bwana asifiwe, ndugu zangu. Nimeokoka Jumamosi."

"Asifiwe. Na zile pesa za chama, ndugu, umezifikisha wapi?"

"Nilikuwa nataka kwanza nimwombe Mungu anipe njia."

"Njia ni kwa mama mwenyekiti. Alhamisi nipo, twende wote."

Ndiyo maana kwa kisa chetu naipa njia hii alama za juu. Inauliza, na inakusindikiza. Kwenda peke yako kwa watu uliowaibia ni mtihani ambao wengi huishia mlangoni.

Ila nayo ina ubaya wake, na sitauficha. Kuungama mbele ya watu kunaweza kumchoma asiye na hatia. Mwanamume akisimama kuungama uzinzi, mji mdogo kama huu utakuwa umeshamtambua mwanamke kabla ya jua kuchwa, na yeye hakuombwa ruhusa. Kanuni ninayoifuata mimi ni hii: kosa lililofanywa mbele ya watu litubiwe mbele yao, na la siri limalizwe na yule uliyemkosea na mchungaji wako. Pia ndugu wa ushirika hupenda kutunga sheria ndogo ndogo, nywele ziweje, mkopo uchukuliwe au usichukuliwe, mpaka mtu akasahau kwamba aliokolewa kwa neema. Ukiona unahesabiwa vifungo vya shati, rudi kwenye Waefeso.

Sasa ile ya nne. Kuna huduma ambazo toba ndani yake inaishia kwa mtumishi mwenyewe. Katika sura yake ya upole, inaitwa mbegu: umekosa, kwa hiyo panda elfu tatu madhabahuni ili laana ikatike. Luther aliandika hoja zake akipinga biashara ya namna hiyo hiyo, vyeti vya msamaha vilivyokuwa vikiuzwa Ujerumani. Kijana wetu akienda huko atatoa mbegu, na mbegu yenyewe itatoka kwenye pesa za chama.

Katika sura yake ya ukali, tunaijua sisi kuliko watu wengine wote Kenya. Mhubiri aliyekuwa na kanisa hapa mjini aliwaambia watu kwamba shule ni dhambi, hospitali ni dhambi, na kwamba njia ya kumwona Yesu ni kufunga kula. Mwaka 2023 makaburi yakafukuliwa msitu wa Shakahola, na miili iliyotolewa ikapita 400, wakiwemo watoto. Mwaka 2025 makaburi mengine yakapatikana Kwa Binzaro, upande huo huo wa Chakama. Waliokwenda kule wengi hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliotaka kutubu kweli, wakauza mashamba na kuacha kazi kwa sababu waliambiwa toba ni kuiacha dunia. Na hatua ya kwanza kwa wengi ilikuwa ile ile: kata mawasiliano na mama yako, na mume wako, na ndugu wasioamini.

Hapo ndipo ninapopimia mahubiri yote siku hizi. Mwana mpotevu alipozingatia moyoni alisema ataondoka aende kwa baba yake. Yesu mwenyewe, katika Mathayo 5, anamwambia mtu aiache sadaka mbele ya madhabahu kwanza aende akapatane na ndugu yake. Wito wa toba unaokupeleka kwa watu wako, hata kwa aibu, sikiliza. Unaokutoa kwao na kukupeleka porini, ukimbie siku hiyo hiyo.

Lakini usidhani kurudisha pekee kunatosha kumtambulisha aliyetubu. Yuda alirudisha. Vipande thelathini vyote vya fedha, akavitupa hekaluni, na akasema kwa mdomo wake kwamba amekosa kwa kuisaliti damu isiyo na hatia. Ukimpima kwa kisa chetu cha chama amepita, tena bila kuchelewa. Kilichomkosa ni pa kwenda. Makuhani aliowaungamia walimjibu kwamba hayo si yao, na hakuna mwanafunzi mwenzake aliyemtafuta, akaenda zake peke yake. Petro alimkana Bwana mara tatu usiku ule ule, akalia kwa uchungu, hakuwa na cha kurudisha. Lakini Jumapili asubuhi alikuwa na wenzake, na wanawake walipokuja kutoka kaburini walimkuta pale.

Angalia pia Sauli na Daudi, maana wote wawili walitamka maneno yale yale, nimefanya dhambi. Sauli alipoambiwa na Samweli kwamba amekataliwa, alikiri, halafu akaomba amheshimu mbele ya wazee wa watu wake (1 Samweli 15:30). Hofu yake ilikuwa wazee wataonaje. Daudi alipoelekezewa kidole na Nathani, hakuomba lolote kuhusu jina lake. Mtoto alikufa, na nyumba yake haikukaa na amani tena, naye hakumlaumu nabii. Ukiona toba yako inakuja na ombi la kulindwa heshima, ichunguze tena.

Kuna dhambi moja ya huku kwetu ambayo njia zote tatu zinaishughulikia vibaya, na ningependa niiseme ingawa itawaudhi baadhi. Ni kumsingizia mzee uchawi. Katika Kilifi wazee wanauawa kwa tuhuma hizo, na mara nyingi ukichimba utakuta shamba. Wengine wamelazimika kukimbilia Kaya Godoma, kituo cha kuwahifadhi wazee kule Ganda, wapate pa kulala. Sasa tuseme mtu alisema matangani, mbele ya ukoo mzima, kwamba baba yake mkubwa ndiye aliyekula mtoto. Mzee akakimbia. Miaka imepita, msemaji ameokoka, anaimba kwaya. Uwanjani hawataligusa hilo. Darasani halimo kwenye maswali. Hata kwenye ushirika nimeona watu wakikwepa macho. Kibaya zaidi, zipo ibada za kukata laana za ukoo ambapo mtu anaambiwa adui yake yumo nyumbani mwao, yaani anatumwa kurudia dhambi ile ile kwa jina la maombi. Toba ya kosa hilo inajulikana ilivyo: yasemwe mbele ya watu wale wale waliosikia, matangani au barazani kwa chifu, kwamba nilidanganya; mzee afuatwe alipo; na shamba, kama lilichukuliwa, lirudi. Mpaka leo sijasikia likihubiriwa hivyo mimbarini hapa mjini.

Kwa hiyo uanzie wapi? Kama hujawahi kuingia kanisani na moyo umekuchoma uwanjani, usingoje mahali pazuri zaidi. Sali pale pale, lakini usiondoke bila kujua Jumapili utakuwa wapi na nani atakuuliza hali. Kama unalo kosa linaloweza kukufikisha polisi, anza kwa padre au mchungaji anayejulikana kwa kufunga mdomo, ujipange kabla hujasema. Kama umebatizwa tangu utotoni na umechoka na dini ya mdomo, tafuta ushirika mdogo, watu wanane au kumi, wanaolipa madeni yao. Uliza mtaani, utaambiwa ni akina nani. Na popote utakapokaa, angalia kama pesa zako zinafuatwa kuliko wewe, na kama unaruhusiwa kwenda kumwona mamako.

Kijana wetu, mimi ningemwelekeza hivi. Ampigie mama mwenyekiti kabla ya siku ya mkutano, aende na ndugu mmoja, na daftari mkononi. Aseme kiasi chote kwa mara moja, asianze na nusu. Torati, katika Hesabu 5:7, iliongeza sehemu ya tano juu ya kilichochukuliwa. Sisi hatuko chini ya sheria ile, lakini 8,000 juu ya 40,000 itawaambia wale akina mama jambo ambalo ushuhuda mrefu hautaweza. Akitoa 2,000 kila wiki, ni wiki 24. Atume kwa namba ya chama, si ya mtu, na risiti za M-Pesa zisomwe mbele ya wote.

Pengine mama mwenyekiti atamwambia, "Mwanangu, nimekusamehe, lakini daftari hili sasa litashikwa na mwingine." Hapo asinung'unike kwamba Mungu amesahau na binadamu hawasahau. Akabidhi na kalamu. Na kama wapo watakaokataa kumsamehe kabisa, wamwite mwizi kila apitapo na tuktuk yake, Jumatatu ikifika atume 2,000 ya wiki hiyo.